Utumbo wa Nyungunyungu, Konokono na Wadudu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ninasimamia maabara ya baiolojia katika shule moja ya sekondari mashariki mwa Uganda, si mbali na mpaka wa Busia. Kila muhula wanafunzi hunijia na maswali yale yale kuhusu matumbo ya viumbe wasio na uti wa mgongo, na Jumamosi sokoni akina mama wanaofuga nyungunyungu kwa ajili ya mboji huniuliza mengine. Nimeyakusanya hapa. Nimeyaandika kwa Kiswahili kwa sababu darasani kwetu wamo Wasamia, Wateso, Wagisu na watoto wa madereva wa malori kutoka Kenya, na lugha hii ndiyo tunayoelewana nayo wote tukishatoka mlangoni.

Je, kila mnyama ana utumbo?

Hapana. Wapo wasio nao kabisa, kama tegu. Wapo wenye mfuko wenye tundu moja tu: chakula huingia hapo na mabaki hutokea hapo hapo. Hidra wa kwenye madimbwi yuko hivyo, na minyoo bapa wengi pia. Halafu wapo wenye mrija kamili, unaoanzia mdomoni na kuishia kwenye tundu la haja: nyungunyungu, konokono, mende, mchango, na sisi binadamu.

Mfuko wa tundu moja ni kama takisi ya abiria 14. Mlango ni mmoja, na anayetaka kupanda husubiri wa ndani ashuke kwanza. Mrija ni kama mashine ya kusaga mahindi: unamimina juu, unga unatoka chini, kazi haisimami. Tena kila sehemu ya mrija inaweza kupewa kazi yake: hapa kuhifadhi, hapa kusaga, hapa kunyonya virutubisho, hapa kurudisha maji mwilini. Ndiyo maana ukiletewa mnyama usiyemjua, jiulize kwanza anakula nini. Ukimpasua utaukuta utumbo uliojengwa kwa ajili ya chakula hicho.

Nikimpasua nyungunyungu nitaona nini?

Hili nalijibu kwa urefu, kwa sababu nyungunyungu ndiye mwalimu bora niliyewahi kuwa naye, na kwenye udongo wetu hapatikani kwa shida.

Chagua aliye mnene. Mweke kwenye spiriti iliyochanganywa na maji mengi hadi asiitikie kabisa ukimgusa, kisha mlaze kwenye sinia lenye nta, mgongo ukiwa juu. Mgongo ndio upande wenye rangi nzito. (Nta si lazima inunuliwe; sisi huyeyusha mishumaa na kuimimina kwenye sinia la aluminiamu.) Kata ngozi kwa ncha ya wembe ukielekea kichwani, huku ukiinyanyua kidogo ili wembe usiguse kilicho chini. Tandaza ngozi pande zote mbili kwa pini zilizolazwa kimshazari, kisha mimina maji hadi afunikwe. Usiache kumimina maji. Bila maji kila kitu kinalala na kushikana kama ugali uliopoa. Ndani ya maji viungo vinaelea na kujitenga vyenyewe.

Mbele kabisa, nyuma ya mdomo, utaona koromeo: nene, jeupe, limeshikizwa kwenye ukuta wa mwili kwa nyuzi nyingi za misuli. Nyuzi hizo zikivuta, koromeo linapanuka na udongo unafyonzwa ndani. Nyungunyungu hana jino hata moja. Baada ya koromeo kuna umio mwembamba, ambao mara nyingi hufichwa na jozi za mishipa mikubwa ya damu inayodunda. Kisha, katika nyungunyungu anayechorwa vitabuni, huja mfuko laini wa kuwekea chakula kwa muda, na nyuma yake firigisi.

Firigisi iguse kwa kidole. Ni ngumu, imekaza kama punje ya kunde, tofauti kabisa na mfuko unaoitangulia. Humo ndimo chembe za mchanga alizomeza hugeuka kuwa mawe ya kusagia. Kuku wa kienyeji hudonoa changarawe kwa sababu hiyo hiyo, na mwanafunzi yeyote aliyewahi kusafisha firigisi ya kuku jikoni kwao anaielewa ya nyungunyungu papo hapo.

Kuanzia hapo hadi mkiani ni utumbo wenyewe, umepakwa kitu cha rangi ya manjano iliyofifia au kahawia. Wanafunzi wengi hudhani ni uchafu wakaanza kuukwangua. Uacheni. Hizo ni seli za kloragojeni, na kazi yake inafanana na ya ini letu: huhifadhi akiba ya chakula na kushughulikia taka za mwili. Sasa upasue utumbo kwa urefu, uoshe udongo taratibu, uangalie dari yake. Katika jamii nyingi kuna mkunjo unaoning'inia kwa ndani kuanzia mbele kwenda nyuma, unaitwa tiflosoli. Ni kama mtu amekunja kitambaa na kukisukuma ndani ya bomba. Bomba halikurefuka, halikunenepa, lakini eneo la kunyonya virutubisho limeongezeka sana. Utumbo wetu umepata faida hiyo hiyo kwa vinyweleo vidogo vidogo vya ndani. Nyungunyungu ameipata kwa mkunjo mmoja mrefu.

Kitabu kinasema firigisi iko pingili ya 17 na 18. Nimehesabu, sikuiona. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Kitabu kinamzungumzia Lumbricus terrestris, nyungunyungu wa Ulaya. Katika jamii nyingi za nchi za joto firigisi iko mbele zaidi, karibu na kichwa. Eudrilus eugeniae, ambaye asili yake ni Afrika Magharibi na sasa hufugwa sana kwa mboji, ni mmoja wao. Chora ulichokiona kwenye sinia lako, uandike namba ulizohesabu mwenyewe. Mimi humpa maksi mwanafunzi aliyechora firigisi mahali alipoikuta, nami huumia ninapoona mchoro ulionakiliwa kitabuni huku mnyama halisi yuko mbele ya mtoto, amefunguliwa, anasubiri kutazamwa.

Nyungunyungu wangu wa mboji walikufa nilipowapa mbolea mbichi ya kuku. Ni tumbo?

Kwa kawaida si tumbo, mama. Mbolea mbichi ya kuku hutoa amonia nyingi na hupata joto inapooza, na nyungunyungu hupumua kwa ngozi. Wanaungua kabla hata hawajala. Iache ioze kwanza.

Lakini tumbo nalo lina neno lake. Nyungunyungu hutegemea sana bakteria na kuvu walainishe chakula kabla hajakimeza, kwa hiyo maganda ya ndizi yaliyoanza kuoza huliwa mapema kuliko mabichi. Na ukiwafuga kwenye beseni lisilo na udongo wowote, watupie mchanga laini kidogo. Firigisi bila mchanga ni kinu bila mchi.

Mchango anaishi ndani ya utumbo wetu. Naye ana utumbo wake?

Anao, na ni wa ajabu. Kwanza tuelewane kwenye maneno, maana chango ni utumbo, na mchango ni yule mnyoo wa mviringo, mweupe au wa rangi ya waridi, ambaye jike lake hufika sentimita 20 hadi 35. Jina la kisayansi ni Ascaris lumbricoides.

Utumbo wake ni utepe mmoja ulionyooka, na ukuta wake una unene wa seli moja tu. Hauna misuli. Utumbo wetu husukuma chakula kwa kujibana na kujiachia. Wa mchango hauwezi. Tena mwili wake umejaa majimaji yenye shinikizo kubwa, na ndiyo maana ukimshika anakaza kama mpira wa baiskeli uliojazwa upepo. Shinikizo hilo lingeubana utumbo ushikane kuta. Dawa yake ni koromeo: pampu ya misuli yenye uwazi wa pembe tatu, inayosukuma chakula ndani kwa nguvu kushinda shinikizo lile. Upande wa nyuma kazi ni rahisi. Misuli midogo hufungua tundu la haja, na shinikizo lenyewe humalizia.

Kama utampasua wa nguruwe aliyetoka machinjioni, vaa glavu na uelekeze uso pembeni. Majimaji yake huruka, na kuna watu ambao hupata mzio mkali wakiyavuta au yakiwagusa.

Ana ndugu mdogo wa mbali anayestahili kutajwa, Caenorhabditis elegans, mnyoo wa milimita 1 anayeishi kwenye mimea inayooza. Utumbo wake wote una seli 20. Ishirini kamili, na zote hutokana na seli moja ya kiinitete. Sydney Brenner, aliyezaliwa Afrika Kusini, ndiye aliyemchagua mnyoo huyu kwa utafiti katika miaka ya 1960, na mwaka 2002 alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel kwa kazi iliyotokana naye.

Vidonge vya minyoo wanavyopewa watoto hufanya nini hasa?

Hapa ndipo anatomia inapoingia nyumbani. Vidonge vinavyotolewa miezi ya Aprili na Oktoba, albendazoli au mebendazoli, hushambulia kiunzi cha ndani cha seli za mnyoo, hasa zile za utumbo wake. Seli hizo zikivunjika kiunzi haziwezi tena kunyonya sukari. Mnyoo yuko katikati ya chakula lakini anakufa njaa, na hilo huchukua siku kadhaa. Kwa hiyo mzazi asiyeona mnyoo chooni kesho yake asiseme dawa ni bandia.

Ivamektini, inayotumika dhidi ya usubi, hupita njia nyingine: hupooza misuli ya minyoo, na katika minyoo wengi wa mviringo koromeo ni miongoni mwa sehemu zinazopooza mapema. Pampu ikisimama, umeshaona hapo juu kitakachofuata.

Albendazoli haiponyi kichocho. Nalirudia kila mwaka kwa sababu kila mwaka nakutana na mtu anayeoga ziwani, anameza kidonge cha minyoo, na kudhani amekingwa. Mnyoo wa kichocho ni mnyoo bapa, ana mwili mwingine, na dawa yake ni prazikwanteli, ambayo huvuruga misuli na ngozi yake. Nenda kituo cha afya upimwe.

Tegu hula kwa mdomo gani?

Hana mdomo. Hana koromeo, hana utumbo, hana tundu la haja. Kichwa chake kina vinyonyeo vya kujishikiza, na wa nguruwe ana kulabu pia, lakini hivyo ni nanga tu. Anakula kwa ngozi. Uso wote wa mwili wake umefunikwa na vinywele vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyofanana na vile vya ndani ya utumbo wetu, na kupitia hapo hunyonya chakula ambacho sisi tumeshakimeng'enya. Kwa namna fulani tegu ni utumbo uliogeuzwa ndani nje, na anaweza kuzidi mita 4.

Kwa kuwa nyama ya nguruwe inapendwa sana Uganda, nitaongeza jambo ambalo si la utumbo wa tegu bali la uhai wako. Nyama yenye vifuko vyeupe vya ukubwa wa punje ya mchele au dengu usiile. Na hata isiyo navyo ipikwe hadi ndani. Kula kifuko hukupa tegu tumboni. Lakini kumeza mayai ya tegu, yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu, ni hatari kubwa zaidi: vifuko huota ndani ya mwili wako wewe, hata kwenye ubongo, na kuleta kifafa. Choo na sabuni vinahusika hapa kuliko jiko.

Na mnyoo wa ini la ng'ombe? Na wa kichocho?

Wote wawili ni wa kundi la mfuko wa tundu moja. Mnyoo wa ini wa huku kwetu, Fasciola gigantica, ana umbo la jani, na utumbo wake umegawanyika mara mbili, kisha kila tawi likatoa vitawi hadi kingo za mwili. Mwekee mwanga kwa chini utaona kama mishipa ya jani la mhogo. Sababu iko wazi: mnyoo bapa hana damu ya kusambaza chakula, basi utumbo wenyewe umekwenda kila kona kukipeleka.

Wa kichocho, Schistosoma mansoni, haishi ndani ya utumbo wetu kama wengi wanavyodhani. Anaishi kwenye mishipa ya damu inayouzunguka utumbo, dume amemkumbatia jike, wanakunywa damu. Utumbo wao hugawanyika mara mbili mbele kisha huungana tena kuwa mrija mmoja uliozibwa nyuma. Mabaki ya damu ni unga mweusi, na kwa kuwa hakuna tundu la nyuma, hutapikwa. Mayai ndiyo yanayopenya ukuta wa utumbo wetu ili yatoke na kinyesi, na mengi hukwama njiani, kwenye ukuta huo na kwenye ini. Madhara mengi ya ugonjwa hutokana na hayo yaliyokwama.

Ni kweli konokono hujisaidia karibu na kichwa?

Kweli kabisa. Konokono akiwa bado mchanga sana, sehemu ya mwili iliyobeba utumbo huzunguka nusu mduara juu ya kichwa na mguu, na tundu la haja lililokuwa nyuma linajikuta mbele. Mtazame konokono mkubwa wa bustanini akiwa amejitokeza: upande wa kulia, chini ya ukingo wa ganda, kuna tundu la kupumulia linalofunguka na kufumba. Haja hutokea hapo hapo jirani. Ukifikiria kwamba anaishi ndani ya nyumba yenye mlango mmoja, utaona asingekuwa na mahali pengine pa afadhali pa kutolea taka.

Chakula chake huanzia kwenye radula, utepe kama ulimi uliopangwa meno madogo mno kwa safu nyingi. Hausagi, unakwangua, kama mbuzi ya kukunia nazi. Meno ya mbele huisha kwa kazi na safu mpya husogea kutoka nyuma. Kutoka hapo chakula hupita umio na mfuko wa akiba hadi tumboni, kisha sehemu kubwa ya mmeng'enyo na unyonyaji hufanyika kwenye tezi kubwa ya kahawia iliyojaa kwenye ncha ya ganda, ile iliyojizungusha juu kabisa. Tezi hii tuikumbuke. Konokono wa kichocho, Biomphalaria, anayepatikana kwenye Ziwa Victoria na Ziwa Albert na ambaye ganda lake limeviringika bapa kama kamba iliyokunjwa, hushambuliwa hapo. Vimelea huhamia kwenye tezi hiyo, hujigawa, na baadaye hutoka mamia hata maelfu kwa siku kuingia majini kutafuta ngozi ya binadamu.

Kome na chaza nao wana utumbo?

Wanao, na kuna vitu viwili ndani yake ambavyo sijachoka kuvionyesha. Magamba ya kome tunayaona kila siku kwa sababu husagwa kuwa chakula cha kuku, lakini mnyama mwenyewe watu wachache wamemtazama. Huchuja maji kwa mashavu yake, hukusanya chembe kwa ute na kuzipeleka mdomoni. Tumboni mwake mna kifimbo angavu, laini kama jeli iliyoganda, kinachozungushwa taratibu na vinyweleo. Kikizunguka hukoroga chakula, na ncha yake huyeyuka kidogo kidogo ikitoa vimeng'enya. Ni mwiko wa kusongea ugali ambao wenyewe ni dawa ya kuumeng'enya. Mfungue akiwa mbichi. Akishakaa muda mrefu nje ya maji mara nyingi kifimbo kimeshayeyuka.

Jambo la pili: mwisho wa utumbo wa kome wengi hupita katikati ya moyo. Hautambai kando yake, unapita ndani yake. Mara ya kwanza niliamini nimekata vibaya, nikafungua wa pili na wa tatu.

Pweza je?

Uganda haina bahari, ila wanafunzi huuliza. Utumbo wa pweza umekunjwa kama herufi U, na mfuko wa wino humwagia karibu na tundu la haja. Umio wake hupita katikati ya ubongo, ambao umeuzunguka kama pete. Kwa hiyo pweza hawezi kumeza pande kubwa; hukata kwa mdomo mgumu kama wa kasuku na kukwangua kwa radula kwanza.

Tunapokula senene, tunakula na utumbo wao?

Ndiyo. Tunaondoa mabawa na miguu, utumbo unabaki. Msikie karaha, au msisikie. Mimi nakula, na msimu wa Novemba nikipita Masaka hununua kopo.

Utumbo wa mdudu una sehemu tatu. Ya mbele inapokea na kuhifadhi, ina mfuko wa akiba na firigisi. Ya kati ndiyo inayomeng'enya na kunyonya. Ya nyuma hurudisha maji mwilini na kukausha kinyesi, ndiyo maana kinyesi cha panzi ni kikavu kama chembe za chai. Sehemu ya mbele na ya nyuma zimetandikwa kwa ndani kitu kile kile kinachounda gamba la nje. Mdudu anapojivua ngozi, hujivua na bitana hiyo ya tumboni pia. Sehemu ya kati haina bitana ya namna hiyo, ila chakula chake hufungwa kwenye utando mwembamba, kama muhogo kwenye mfuko wa nailoni, ili kisiukwaruze ukuta.

Senene hula zaidi mbegu na maua ya nyasi, kwa hiyo kilichomo tumboni ni majani na mbegu zilizosagwa, pamoja na bakteria wa kawaida wa utumbo. Akikaa usiku na mchana bila kula, kingi kinatoka chenyewe. Kilichobaki hupambana na moto. Wapikwe vizuri hadi waive, na wasikae kwenye gunia bichi hadi wakaanza kunuka. Hapo bakteria waliokuwa tumboni wameshatapakaa mwili mzima.

Katika mende, ile mirija ya njano ni nini? Wenzangu waliitupa wakidhani ni mafuta.

Wametupa figo. Ni mirija ya Malpighi, nyuzi nyembamba nyingi zilizoota mahali utumbo wa kati unapokutana na wa nyuma. Huchuja taka kutoka kwenye majimaji ya mwili na kuzimwaga ndani ya utumbo, hivyo mkojo na kinyesi cha mdudu hutoka pamoja. Jina ni la Mwitaliano Marcello Malpighi, aliyempasua kiwavi wa hariri na kutoa maelezo yake mwaka 1669. Mafuta ya mende ni meupe na yametapakaa kama maziwa yaliyoganda; mirija hii inaelea kama nyuzi ukimimina maji. Ukiitumia kama alama, hutachanganya tena wapi katikati na wapi nyuma. Ukiwa hapo, fungua na firigisi: ndani yake kuna meno 6 magumu yaliyopangwa duara.

Mchwa humeng'enyaje kuni?

Hategemei nguvu zake tu, na namna zenyewe ni tatu. Mchwa wa mbao kavu, anayemwaga unga wa chembe chembe chini ya kabati, ana viumbe wa seli moja kwenye utumbo wa nyuma wanaomvunjia mbao. Watoto huwapata kwa kunyonya kwenye tundu la haja la wakubwa.

Mchwa wa vichuguu vikubwa, Macrotermes, ambaye kumbikumbi wake tunawala, amefanya jambo kubwa zaidi. Wafanyakazi hutafuna majani na mbao, huyapitisha haraka tumboni pamoja na mbegu za kuvu, na kuyaweka kama bustani ndani ya kichuguu. Kuvu hukua juu yake na kuvunja sehemu ngumu. Kisha mchwa huila bustani hiyo iliyokomaa. Chakula kimepita tumboni mara mbili, na kati ya safari hizo kimemeng'enywa nje. Uyoga unaochipuka juu ya kichuguu baada ya mvua ndio kuvu huyo huyo.

Wapo pia wanaokula udongo mtupu, kama Cubitermes. Sehemu ya utumbo wao hufika pH 12, ukali wa magadi unaozidi wa sabuni ya kufulia.

Mbung'o anahusikaje na habari za utumbo?

Utumbo wa mbung'o ndiyo njia ya malale. Kati ya 1900 na 1920 ugonjwa huu uliua zaidi ya watu 200,000 kandokando ya Ziwa Victoria, Busoga ikiumia mno, na mwaka 1903 David Bruce akiwa Entebbe alionyesha kwamba mbung'o ndiye anayeueneza. Kimelea humezwa na damu, huzaliana kwenye utumbo wa kati, huuvuka ule utando wa ndani niliousema, hurudi mbele hadi kwenye tezi za mate. Ndani ya mbung'o wengi kimelea hafiki huko kwenye mate. Utumbo wao humuua kimelea. Na kwa kuwa damu haina vitamini B za kutosha, mbung'o amebeba kwenye ukuta wa utumbo bakteria maalumu, Wigglesworthia, wanaomtengenezea. Bila wao jike hazai.

Ruba na kupe hukaaje miezi bila kula?

Ruba ana mfuko wa akiba wenye vifuko vya pembeni, jozi kwa jozi, unaojaa damu hadi mwili unanenepa mara kadhaa. Anaipunguza maji na kuimeng'enya polepole kwa miezi. Kupe naye ana utumbo wenye matawi yanayotanuka kila upande, na seli za ukuta humeza damu na kuimeng'enya ndani yao wenyewe. Maji ya ziada huyarudisha kwa mate ndani ya mnyama anayemnyonya, na hapo ndipo magonjwa hupenya. Mfugaji anayemtoa kupe asimpasue kwa vidole.

Watoto wa shule ya msingi wanaweza kujifunza haya bila kupasua kitu?

Wanaweza, tena vizuri. Tafuta konokono wa bustanini na kipande cha kioo. Paka kioo uji mwepesi wa unga wa ngano, uache ukauke, muweke konokono juu, watoto watazame kwa chini. Wataona mdomo unafunguka, radula inatoka, inalamba, inarudi, na nyuma yake panabaki alama safi za mikwaruzo. Kisha mtenge kwenye boksi lenye unyevunyevu, usimpe kitu kingine ila karoti. Kesho yake watoto wainue kifuniko watafute kinyesi. Kitakuwa uzi wa rangi ya machungwa. Wabadilishie, wampe majani ya sukuma, wahesabu saa hadi uzi ugeuke kijani.